Paka mzee anakula sana lakini anakonda

SWALI: Shikamoo daktari. Paka wangu ana miaka 13. Anamaliza sahani ya samaki na kudai tena, ila mgongo umebaki mifupa, na usiku kucha analia. Ni minyoo?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa umri huo naishuku kwanza tezi ya thairoidi, iliyo shingoni. Ikizidisha homoni, mwili huunguza chakula chote na moyo huenda mbio. Apimwe damu, kiwango cha T4 (homoni ya tezi hiyo), pamoja na figo na kisukari. Ikithibitika, hupewa methimazoli, dawa ya kupunguza homoni hiyo, kwa kawaida mara mbili kwa siku, na damu hupimwa tena baada ya wiki chache. Tembe usiivunje; ifiche nzima ndani ya kipande cha nguru. Akitapika, akijikuna uso au akigoma kula, mpigie daktari siku hiyo hiyo, tafadhali.