Mti niliouchimba mlimani: ni mtarakwa au saipresi, na nianze lini kuufunga waya?

SWALI: Mwezi wa Aprili, mvua zilipoanza, tulikuwa tunafungua njia shambani kwetu nje ya Nyahururu, Kenya. Kwenye mteremko wa mawe nikachimba mti mfupi, shina lake nene kuliko mkono wangu, uliotafunwa na mbuzi miaka mingi. Upande mmoja gome limekwisha na mbao imekauka. Nimeupanda kwenye kreti. Majani ya juu ni laini, lakini machipukizi mapya ya chini yanachoma vidole. Baba anasema ni mtarakwa, jirani anasema ni saipresi iliyojiotea. Nani amepata? Na je, Desemba hii naweza kuufunga waya wa kukunja matawi na kuanza kuufanya bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni unaotengenezwa umbo?

JIBU: Ndugu yangu, baba yako amepata. Huo ni mtarakwa, ambao wengine huuita mwangati. Kitaalamu ni Juniperus procera. Jirani naye hakukosea bure, kwa sababu miti hii miwili ina majani ya magamba madogo yaliyolala kwenye kijiti, na ukitazama kwa mbali utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Kinachouumbua mtarakwa ni hayo machipukizi yanayochoma. Saipresi huacha majani ya sindano ikiwa bado mche. Mtarakwa, hata ukiwa mzee, ukikatwa sana au ukitikiswa mizizi hurudia majani ya utotoni, sindano tatutatu zikizunguka kijiti.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta matunda kwenye miti mingine ya mteremko huo. Ya mtarakwa ni laini, ya buluu iliyoiva kuelekea nyeusi, yenye unga mweupe juu, na hayazidi milimita 8. Ya saipresi ni magumu, ya mbao, na yakikauka hupasuka vigamba. Usishangae ukikuta mti hauna tunda hata moja, kwani mitarakwa mingi ni ama ya kiume au ya kike. Kisha chukua kisiki cha tawi lililokufa, ukate ncha yake kwa msumeno mdogo. Ukikuta kiini chekundu cha kahawia chenye harufu ya penseli mpya, hakuna ubishi tena. Gome lisikusumbue, yote miwili huchunika nyuzi ndefu.

Sasa waya. Desemba hii usiufunge. Nasema hivyo kwa sababu ya hizo sindano ulizozitaja: mti bado unajiuguza. Mtarakwa huweka nguvu yake kwenye majani, na majani ndiyo yanayoujengea mizizi mipya. Uache wote ulivyo, hata matawi unayoyaona mabaya, hadi uone ncha za juu zikirefuka kwa nguvu na magamba yakirudi. Kwa mti uliotolewa kwenye mawe, hesabu mwaka mzima au miwili. Weka mahali penye jua la asubuhi, funga kreti isitikiswe na upepo, nyunyizia majani, lakini udongo usikae tope. Ukija kubadilisha udongo, tumia kokoto nyepesi za volkano zilizochekechwa vumbi, na usioshe mizizi yote kwa mara moja. Fanya nusu, nusu nyingine iache hadi zamu ijayo.

Wakati unasubiri, soma shina. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote katika miti ya milimani. Chukua mswaki mkavu, sugua taratibu magamba ya gome yaliyolegea. Utaona ukanda wa gome hai, wekundu wa kahawia, umevimba kidogo kandokando ya mbao iliyokufa. Ufuate kwa kidole kutoka mzizini hadi tawini. Kila ukanda unalisha matawi yake, na ukikata mzizi wake au kuumenya, tawi lililo juu yake hufa. Weka alama kwa chaki kabla ya kushika kisu chochote.

Mbao iliyokufa usiione kuwa kasoro. Ndiyo umbo lenyewe. Nguzo za ua za mtarakwa hudumu miongo ardhini, na kwa sababu hiyohiyo sehemu hiyo kavu itabaki na mti wako miaka mingi, mradi isizikwe kwenye udongo wenye unyevu. Ingekuwa saipresi nisingekupa matumaini hayo. Chagua upande wa mbele pale ambapo mbao kavu na ukanda hai vinaonekana pamoja vikipanda.

Siku ya waya ikifika, waya wa aluminiamu wenye unene wa theluthi moja ya tawi unatosha. Tawi nene livikwe kwanza vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ulikunje kidogokidogo. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mara moja, na kila tawi libakizwe kijani, maana mtarakwa hauchipui kwenye mbao kuukuu iliyo uchi. Usipunguze majani kwa kuyanyoa na mkasi kama ua wa mimea, ncha zitageuka kahawia. Ondoa kijiti kimoja kimoja kuanzia kinapoota.

Kagua pia vidukari vya saipresi, wadudu walioonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya 1990. Hushambulia mtarakwa pia. Vijiti vikinata, vikaota ukungu mweusi na majani ya ndani yakakauka, tenga mti na uuoshe kwa maji ya sabuni mapema.

Huo umeutoa shambani kwenu, mahali palipokuwa panafunguliwa njia, na ni vizuri umeuokoa. Lakini tafadhali usipande milima ya Aberdare kutafuta wa pili. Kuchimba kwenye msitu wa serikali bila kibali ni kosa chini ya sheria ya misitu ya 2016, na mti uliochukua miongo kupata shina kama hilo haurudishwi kwa faini. Ukitaka zaidi, otesha mbegu, au waulize majirani wanaosafisha mashamba, na upitie ofisi ya KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya) iliyo karibu kabla ya kuchimba au kusafirisha chochote.

Nitumie picha ya upande wa nyuma, karibu na mizizi. Nataka kuona ukanda hai ni mmoja au miwili kabla hujaamua lolote kuhusu matawi.