Gambuti mpya, na bado tunaanguka

SWALI: Mwezi wa Agosti tunaingia tena msitu wa Mlima Rungwe, watu sita, tufuate korongo lenye kijito. Mara iliyopita wawili walianguka ingawa walivaa gambuti mpya. Tulikosea wapi? Na kipunji, yule nyani wa huko, tunaweza kumwona?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Agosti ni kiangazi, mmechagua vizuri, lakini korongo halikauki. Kosa la kwanza ni hizo gambuti. Mguu unacheza ndani, kisigino kinapanda, na maji yakishaingia hayatoki. Vaeni buti za kamba zinazobana kifundo cha mguu, soli yake iwe na meno marefu.

Kosa la pili ni mahali pa kukanyaga. Lile zulia la kijani juu ya mawe ni vijimea visivyo na mizizi ya kweli. Vimeshika jiwe kwa nyuzi nyembamba tu. Ukikanyaga, zulia linabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, nawe unakwenda nalo. Jiwe lililobaki wazi litakaa miaka bila kufunikwa tena, na hilo linatuuma. Jiwe jeusi linalong'aa ndani ya maji ni baya zaidi: lina ute wa mwani. Kanyageni changarawe au mizizi minene ya miti hai, nyayo nzima, hatua fupi, mkifuatana mstari mmoja. Gogo lichomeni kwa fimbo kwanza; fimbo ikizama, limeoza.

Msishike kangaga mnapopanda, shina lake hung'oka. Afadhali mgeuze jani lake mkiwa mmepumzika: vile vidoa vya kahawia vilivyopangwa chini yake ni vifuko vya vumbi linalozaa makangaga mapya.

Kijito kikibadilika rangi ghafla au kikianza kuleta majani mengi, mvua imenyesha juu mlimani. Pandeni ukingoni papo hapo, msijaribu kuvuka kwanza. Saa tisa alasiri muwe mmeshageuza, maana korongoni giza huwahi.

Hifadhi iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hivyo pitieni ofisini kwao mpate kibali na mwongozaji. Yeye ndiye atakayejua kipunji wako upande gani. Wanasayansi walimtambua nyani huyu mwaka 2003 tu, ingawa jina wenyeji walikuwa nalo. Hukaa juu mitini, na sauti yake iko kati ya mbweko na honi. Mkiisikia, simameni kwanza, miguu yote miwili chini, ndipo mtazame juu.