Mpingo na mninga Handeni: anzeni na umiliki, miche baadaye

Mkuu uliyeuliza namna ya kuwashirikisha wanakijiji wa Handeni kulinda miti ya mbao kama mpingo, mninga na mkongo, na kwamba kikundi chenu kimepata fedha za kugawa miche: naomba fedha hizo msianze kuzipeleka kwenye miche. Nimekaa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji chetu huku huku Handeni, na jambo hili liko moyoni mwangu, hivyo mnivumilie nikirefusha.

Mpingo hadi ufikie unene wa kuuzika huchukua miaka 70 hadi 100. Mninga nao mchanga hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikinyesha, miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukijijenga chini. Mkulima uliyempa mche wa namna hiyo atadhani umekufa, atapanda mahindi. Porini machipukizi ya asili yapo mengi. Kinachoyamaliza ni moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa kavu kabisa. Kijiji kikikubaliana kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, moto hupita kwa upole na miti michanga mingi inapona.

Ila hakuna atakayelala porini kulinda mali anayoamini ni ya wengine. Kwa miaka mingi tuliona magogo yakipita kwa lori, kibali kikiwa mkononi mwa mtu wa mjini, kijiji hakipati hata dawati. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji haki ya kutenga msitu wa hifadhi ndani ya ardhi yake. Mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, mpango wa usimamizi unaandikwa, sheria ndogo zinapitishwa na halmashauri ya wilaya. Baada ya hapo kijiji ndicho kinachoamua mti upi ukatwe, na mapato na faini zinaingia mfuko wake. Kule Kilwa vijiji vilivyofuata njia hii vilipata cheti cha kimataifa cha FSC (kinachothibitisha kuwa msitu unasimamiwa vizuri) mwaka 2009 na vinauza mpingo wao kihalali. Fedha zenu zigharamie upimaji wa mipaka, vikao na nauli za kufuatilia makaratasi wilayani. Kazi hiyo haipendezi kwenye picha za mradi, lakini ndiyo inayokwamisha vijiji vingi.

Sasa, nani aitwe kikaoni? Msiishie kwa mwenyekiti na mtendaji. Kwetu rasimu ya mpaka ilipokuwa tayari, mzee mmoja mfugaji alisimama akauliza, "Wanangu, ng'ombe wangu watapita wapi kwenda bwawani?" Njia ya mifugo ikachorwa pale pale, mbele yake. Leo vijana wake ndio wa kwanza kuleta habari za wapasua mbao wageni, maana wao wako porini kila siku, na doria ya kamati haiwezi kufika kote. Waiteni pia wachoma mkaa (mkiwafukuza watafanya kazi usiku) na akina mama wanaookota kuni na uyoga. Wazee wa Kizigua wana misitu ya mizimu ambayo shoka halikuingia tangu enzi za mababu. Waulizeni masharti yake kabla ya kuandika ya kwenu. Watu wanayaheshimu kuliko bango lolote.

Na hesabu za fedha zibandikwe ofisi ya kijiji, zisomwe mkutanoni. Nimeona kamati nzuri ikisambaratika kwa sababu ya minong'ono tu ya faini ilikokwenda.

Miche mnaweza kupanda kwenye mipaka ya mashamba na shuleni, baadaye. Kwa sasa nendeni kwa afisa misitu wa wilaya mkaulize kama kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Kama hakina, anzeni na hilo, kisha rudini hapa tuongee sheria ndogo.