Barua kwa mwanangu: kilichomfurahisha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma usiku, na asubuhi nikaurudia. Karatasi zako zilimwagika stendi, ukainama kuziokota, kijana usiyemjua akaipiga teke moja ikaenda mbali, kisha akasimama palepale akicheka, macho usoni pako. Ukaniuliza: "Mama, hanijui, sijamkosea kitu. Alifurahia nini?" Na chini kabisa, kama vile hukutaka nione, ukaongeza kwamba usiku ule ulimuwazia akianguka mbele za watu, ukaona raha, na sasa unajiogopa.

Jibu jepesi ninalo: anayeumiza wenzake naye ameumizwa. Sitakupa hilo. Wapo wa namna hiyo, ila wewe hukuuliza kwa nini alikuwa na hasira. Hakuwa nayo. Alikuwa anafurahi, na raha ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana imekukaa rohoni kuliko tusi.

Kiswahili kimeyatenga mambo haya vizuri. Mwenye roho ya kwa nini hukuchukia kwa ulichonacho. Anayetaka kukukomoa ana kisa nawe, cha kweli au cha kujitungia. Mwenye inda hahitaji hata kimoja kati ya hivyo: ubaya wenyewe ndio unaomnogea. Karatasi yako haikuwa na faida yoyote kwake. Alikuwa akingojea kuona sura yako itakavyobadilika.

Mwaka 2013 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Erin Buckels walichapisha majaribio ambayo nikiyakumbuka bado nasisimka mwili. Waliwapa watu wa kawaida nafasi ya kuchagua kazi moja kati ya kadhaa zisizopendeza: kusafisha choo kichafu, kuvumilia maji ya barafu, kuua wadudu kwa mashine ya kusagia kahawa, au kumsaidia anayewaua. (Mashine ilikuwa imezibwa kwa ndani na hakuna mdudu aliyekufa, lakini wao hawakujua.) Wale ambao maswali ya awali yalionyesha kwamba wanapenda ukatili ndio walioelekea zaidi kuua. Kilichonishtua zaidi ni jaribio la pili, la kumpigia makelele masikioni mtu asiyekujibu. Walipoambiwa kwamba anayetaka kufanya hivyo lazima kwanza afanye kazi ya kuchosha, wenye inda pekee ndio waliokuwa tayari kuifanya. Hebu fikiria: kutoa jasho lako ili upate kumuumiza asiyekufanya kitu.

Na mtu baki ndiye rahisi zaidi. Ndugu au jirani ukimuudhi leo, kesho mtaangaliana. Usiyemjua huenda zake, na hakuna atakayekuja kukudai maelezo. Wale wenzake uliosema walikuwa kando walimlipa kwa kicheko.

Sasa hofu yako. Nitakueleza jambo ambalo hata baba yako sijawahi kumwambia. Kabla hujazaliwa nilikuwa karani wa dirishani, katika ofisi moja ambako watu walikuja kuomba hati. Mkubwa wangu alinifokea kila siku, na mimi sikuwa na wa kumfokea. Ila nilikuwa na muhuri. Siku moja akaja mzee, fomu yake imekosa sahihi sehemu moja. Angeweza kuitia hapohapo, kalamu ilikuwa mbele yangu. Nikamwambia akaanze upya mwisho wa foleni. Nikasikia utamu, mwanangu, hapa kifuani, wa kuona mtu mwenye mvi ananitii. Sikumtazama, nilikuwa nikitazama fomu. Nilipoinua macho alikuwa bado amesimama, anaigeuzageuza ile karatasi akitafuta kosa lake, midomo inatetemeka. Utamu ukakatika kama uzi. Nikamwita, lakini alikwisha geuka. Kwenye foleni hakusimama. Alitoka nje na sikumwona tena.

Nimejipima na kijana wako mara nyingi tangu nilipousoma ujumbe. Uso wa mzee ulinizima, wako ulimwasha. Hiyo ni tofauti kubwa, lakini sitaki kuitegemea kupita kiasi, kwa sababu nisingeinua macho siku ile, kesho yake kungekuwa na mzee mwingine, na mkono wangu ungekuwa mwepesi zaidi. Raha hiyo hufunzika.

Pia haidumu. Mwaka 2018 David Chester na wenzake walitoa matokeo ya tafiti zao zilizowahusu watu zaidi ya 2,000. Wenye inda walipata raha wakati wa kuumiza, hasa walipoona aliyeumizwa anateseka kweli. Baada ya tendo, hali ya moyo wao ilikuwa mbaya zaidi. Silisemi hili ili likufariji. Linanitisha, kwa kuwa mtu anayeishiwa raha haraka namna hiyo ataitafuta tena kwa mwingine.

Wewe ulimuwazia aliyekukosea, kitandani, peke yako, na ulipoigundua raha hiyo ukashtuka. Mimi sikushtuka mpaka nilipoiona midomo ya mzee. Kwa hiyo sikuogopi. Ukimuwazia tena akianguka, acha wazo lipite, usilikaribishe kukaa.

Uliniuliza pia kama ungemjibu. Sidhani. Angelipenda jibu lako kuliko teke lake, maana lingemthibitishia kwamba amekufikia. Ulifanya sawa kuendelea kuokota.

Ila hukuniambia kama ile karatasi aliyoipiga teke uliipata. Nipigie Jumapili uniambie.

Mama yako