SMS kwa vijana wa kliniki ya afya ya akili: msianze na "kumbuka kuja kliniki"

Mkuu, umeuliza kwa nini vijana wa kliniki yenu hapo Moshi wanakuja mara moja kisha wanapotea, na kama mnunue mfumo wa kutuma SMS kwa wingi. Msinunue kwanza. Tafuteni laini moja ya kawaida, simu ya kliniki isiyotoka ofisini, na mtu mmoja wa kuijibu. Ujumbe wa mifumo hiyo huja na jina mahali pa namba, haujibiki, na kijana anauweka kapu moja na matangazo ya mikeka na bahati nasibu. Anafuta.

Kazi ya SMS hapa ni kumpa kijana njia ya kusema amekwama kabla hajaacha kuja. Kumkumbusha tarehe ni kazi ya pili. Kenya walilipima jambo hili kwa wagonjwa wa VVU, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Muuguzi alituma "Mambo?" mara moja kwa wiki, mgonjwa akajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu shida alipigiwa, na aliyekaa kimya naye alipigiwa. Waliotumiwa walishika dawa vizuri kuliko wenzao. Utafiti mwingine wa hukohuko Kenya, wa 2011, ulionyesha kuwa ujumbe wa kila wiki unasaidia, ule wa kila siku hausaidii. VVU na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) ni vitu viwili, lakini uchovu wa kusukumwa kila siku ni uleule.

Ila kwa vijana wetu "Mambo?" ina kasoro: mdomo unajibu "Poa" wenyewe, hata mtu hajala siku mbili. Tumieni swali lisilo na jibu la mazoea, na jina la yule anayejibu simu, tuseme Neema:

"Ni Dada Neema. Wiki hii imekwendaje? Jibu SAWA au SHIDA, au bipu."

Hapo kuna herufi 65 pamoja na nafasi. SMS moja inabeba 160, na Kiswahili kinaingia vizuri. Shida inakuja ukiweka emoji hata moja, au simu ikigeuza alama ya nukuu iliyonyooka kuwa ya kupinda: uwezo unashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 wenye kikatuni kimoja unakatwa vipande vitatu, mnalipia vitatu, na kwenye kitochi huenda ukasomeka visanduku vitupu. Neno "bipu" lipo kwa makusudi. Kijana asiye na salio hawezi kujibu, kubipu anaweza.

Kabla ya ujumbe wa kwanza kuna dakika tano za kukaa naye ambazo wengi wanaziruka. Muulize: simu hii ni ya nani, na nani mwingine anaishika? Kama ni ya mama au ya kaka, ujumbe usiwe na neno kliniki, dawa, akili wala jina la hospitali. Kisha mpigie palepale, namba ihifadhiwe mbele yako kwa jina analolichagua mwenyewe. Namba ngeni inayoandika kirafiki siku hizi inaonekana ni ya wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mwambie wazi kuwa hamtamwomba hela wala namba ya siri kamwe. Chukua pia namba ya mtu mmoja anayemwamini, kwa sababu laini zinabadilishwa, na laini iliyolala muda mrefu hurudishwa sokoni akapewa mtu mwingine. Aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi aridhie. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo namba za wagonjwa zisikae kwenye simu binafsi ya muuguzi.

Wiki tatu za mwanzo ndizo zinazowapoteza. Dawa za sonona kama fluoxetine huanza kusaidia baada ya wiki mbili hadi sita, lakini kichefuchefu na usingizi mbovu vinakuja siku za mwanzo. Kijana anapata mabaya yote kabla ya zuri hata moja. Tuma siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 21, kisha kila wiki. Wa siku ya 3 uulize tumbo na usingizi tu. Isitoshe, kwa walio chini ya miaka 25 mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa dawa hizi, kwa hiyo kimya cha wiki ya kwanza kipigiwe simu siku hiyohiyo.

Miadi: ujumbe mmoja siku mbili kabla, mwingine asubuhi yenyewe. Andika "saa 4 asubuhi". Ukiandika 10:00 atatokea mtu saa kumi jioni mlango umefungwa. Akikosa, usiandike "hukuja kliniki". Andika "Jana hatukuonana, usijali. Alhamisi saa 4 asubuhi kuna nafasi. Nikuwekee?" Mara nyingi ni nauli, na SMS haigeuki nauli, lakini akijibu mnaweza kumsogezea tarehe.

Kimya nacho kisomwe kwa mazingira yetu. Mpagazi aliyepanda Kilimanjaro na wageni kwa njia ya Machame anakaa mlimani siku sita au saba. Aliyeko kwenye machimbo ya Mererani chini ya shimo, ujumbe unamfikia akipanda juu. Wa shule ya bweni hana simu hadi likizo, huyo mpangieni tarehe za likizo tangu mwanzo. Haya yaandikwe kwenye daftari pembeni ya namba.

Akijibu SHIDA, usianze kuchati. Piga. Kama anaongelea kufa, muulize moja kwa moja, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Uliza kuna nini karibu naye, hasa dawa za shamba na vidonge, na nani anaweza kukaa naye sasa hivi. Huyo apewe dawa za wiki moja moja, si za mwezi. Nje ya saa za kazi simu ijibu yenyewe kwamba ujumbe utasomwa saa 2 asubuhi, na kwa hatari ya sasa aende hospitali ya karibu au apige 112. Walio chini ya miaka 18 wana 116 pia, ni bure.

Neema akienda likizo, atume mwenyewe: "Kuanzia Jumatatu atakuandikia Kaka Elia, namba ni hii hii." Wale watakaoacha kujibu wiki hiyo, Elia awapigie kwanza.