Fundi Anajibu: Bampa la Winchi Linaanzia kwenye Chasisi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser ya toleo la 70, nimeinunua kwa kampuni ya utalii ikiwa imechoka, bampa la mbele limekunjamana. Nyumbani nina grenda na mashine ndogo ya kuchomelea, na pleti ya mm 5 nimeshapata. Nataka bampa la kubeba winchi, ile mashine ya waya ya kulinasua gari likikwama, maana masika nakwenda sana Loliondo. Nianzie wapi?
Dereva, Karatu

JIBU: Marahaba kijana. Umenitajia pleti, chasisi hujaitaja kabisa, na kazi yote iko huko. Vua bampa bovu, piga brashi ya waya zile ncha mbili za chasisi mpaka uone chuma kitupu. Ukikuta ufa au kutu iliyokula mpaka ndani, hapo tengeneza kwanza. Winchi itavuta kwa nguvu zote pale pale palipooza.

Miguu ya bampa ikate kwenye pleti ya mm 8 au 10, ifuate matobo ya kiwandani, na bolti ziwe zenye 8.8 kichwani, ndiyo namba ya uimara wake. Zile laini za dukani zisizo na namba ni za kufungia mageti.

Sura ya bampa usiipime kwa macho. Tafuta boksi la friji, likate, libandike garini kwa tepu ya karatasi. Fungua boneti, zungusha usukani mpaka mwisho kila upande, tazama tairi linapita wapi. Chuchumaa mbele: boksi likiziba njia ya upepo wa rejeta, punguza. Likining'inia chini, punguza tena, kwa sababu gari ikiingia korongoni kitu cha kwanza kugonga ng'ambo ni mdomo wa bampa. Boksi unalikata kwa kisu mara kumi bila hasara. Ukiridhika, lilaze juu ya chuma, chora kwa chaki.

Sasa uzito. Pleti ya mm 5 ni kama kilo 39 kwa kila mita ya mraba, na winchi yenye waya wa chuma haipungui kilo 30. Madereva wengi wa huku wanapenda bampa la kutisha, kisha wanashangaa springi za mbele zimelala. Mm 5 yako iwe ya katikati tu, mabawa ya pembeni mm 3 yanatosha, kitanda cha winchi, yaani pale inapokaa, kitafutie mm 6. Winchi iandikwe walau pauni 9,500, yaani kilo 4,300 hivi. Na ujue namba hiyo ni ya mzingo wa kwanza wa waya kwenye ngoma. Mizingo ikipandana, nguvu inashuka.

Kabla ya kuchomelea chochote garini, toa nyaya za betri na za altaneta. Kibanio cha ethi, yaani cha waya wa kurudisha umeme kwenye mashine, kiwe karibu na mshono, juu ya chuma kisicho na rangi. Shikiza vipande bampa likiwa limefungwa mahali pake, kisha mshono upige kidogo huku, kidogo kule; ukienda moja kwa moja joto litalipinda. Viungo vya miguu na kitanda cha winchi, kwa mashine yako ndogo, mimi nisingevigusa. Mpelekee mtu mwenye mashine kubwa na vijiti vya kuchomelea vya namba 7018 vilivyotunzwa pakavu.

Ndoano za kuvutwa zifungwe kwenye chasisi. Bomba la urembo la juu lisifungwe kamba kamwe. Likichomoka linaruka na kuua mtu. Gari ikiwa na mifuko ya hewa (airbag), vitambuzi vyake vya mbele usivihamishe.

SWALI: Fundi wa mtaani anataka kuchomelea bampa la pikapu yangu moja kwa moja kwenye chasisi, eti bolti hulegea. Nimkubalie?
Mama Pikapu, Babati

JIBU: Hapana, mama. Siku ya kushusha rejeta utalikata kwa grenda, na chasisi iliyounguzwa hupenda kupasuka pembeni ya mshono. Kulegea kuna dawa: washa za springi, kisha kaza tena baada ya wiki moja ya barabara mbovu. Chora mstari wa rangi utoke kwenye nati mpaka kwenye pleti. Mstari ukikatika, nati imezunguka.