Swali na Jibu: Seli Zinazokataa Plasmidi

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Huandaa seli za bakteria Escherichia coli kwa kloridi ya kalsiamu ili zipokee plasmidi (kipande cha DNA cha mviringo), lakini nikizipanda kwenye sahani za agari zenye ampisilini, antibiotiki inayoziacha hai zile tu zilizoipokea, huota koloni mbili tatu tu, na pengine haioti hata moja. Plasmidi nimeipima na ni safi. Nikague nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwanza kagua umri wa seli. Zinazofaa ni zile ambazo bado zinagawanyika kwa kasi, ilhali mchuzi wa LB (kimiminika cha lishe ya bakteria) uliolala usiku kucha kwenye kitikisio, hata uwe mzito namna gani, umejaa seli zilizokwisha kupunguza mwendo. Chota mililita 1 ya mchuzi huo, uitie katika mililita 100 za LB mpya, utikise kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, na upime ukungu wake mara kwa mara hadi spektrofotometa (kipimo cha mwanga unaozuiwa na seli) isome kati ya 0.3 na 0.4 kwenye nanomita 600. Ukikuta umeshapita 0.6, ni afadhali uanze upya kuliko kupoteza siku nzima.

Kuanzia hapo kila kitu kiwe baridi kabla hakijagusa seli: mirija, sentrifuji, na myeyusho wa kloridi ya kalsiamu wa milimola 100 kwa lita. Seli zikishatuama chini ya mrija, usizivuruge kwa kuzivuta na kuzisukuma kwa pipeti. Zungusha mrija taratibu ndani ya barafu hadi zichanganyike zenyewe, kwa sababu katika hali hiyo hupasuka upesi. Chupa pia zisiwe na mabaki ya sabuni, kwani kiasi kidogo tu huharibu kazi, na hili watu wengi hawalifikirii kabisa.

Njia hii ina asili yake katika kazi ya Mandel na Higa ya mwaka 1970, na mwaka 1972 Cohen na wenzake waliitumia kuingizia plasmidi. Inaaminika kwamba kalsiamu hupunguza kusukumana kati ya DNA na utando wa seli, ambavyo vyote vina chaji hasi.

Seli za akiba zitiwe gliseroli ya asilimia 15, zigandishwe ghafla na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya kawaida haitoshi.

Kabla ya kulaumu plasmidi yako, jaribu seli hizo kwa pikogramu 100 za pUC19, plasmidi nzima ya majaribio. Zikiota koloni 200 baada ya kupanda mchanganyiko wote, uwezo wake ni koloni milioni 2 kwa kila maikrogramu ya DNA, kiwango cha kuridhisha kwa njia hii. Ukipata hivyo, na plasmidi yako ikawa ni ile uliyoiunganisha kwa ligasi (kimeng'enya kinachounganisha vipande vya DNA), seli hazina kosa: DNA iliyotoka kuunganishwa huzaa koloni chache mno kuliko plasmidi nzima, kwa hiyo kakague uunganishaji wenyewe.